Fundi wa intaneti akija nyumbani: jinsi ya kumwandalia kazi na kuhakikisha ameimaliza

Mtandao wangu ulikuwa unakatika usiku tu. Fundi wa kwanza alikuja saa 4 asubuhi, akakuta taa zote za kijani, akazima ruta na kuiwasha, akaniambia "imekaa sawa mama," akaondoka. Wa pili alikuja saa 6 mchana na kubadilisha ruta. Usiku ule ule ukakatika tena. Ninafanya kazi ya kuandika maneno ya rekodi za mikutano nikiwa nyumbani Tabata, Dar es Salaam, na kwa wiki tatu nzima kila ikifika saa 2 usiku nilikuwa nabeba kompyuta kwapani kwenda kuomba waifai kwa jirani. Wa tatu ndiye aliyelipata tatizo, na alilipata kwa swali moja ambalo nitalieleza mbele.

Wale wawili wa mwanzo siwalaumu sana. Fundi anaiona nyumba yako kwa nusu saa, au saa moja akikaa sana. Saa zilizobaki za siku unazijua wewe unayeishi humo, na usipompa habari zake atatengeneza kile alichokikuta. Mwongozo huu ni wa kumpa fundi hizo saa nyingine, kisha kuhakikisha haondoki kabla hajakuonyesha namba.

Nazungumzia faiba, yaani ule waya mwembamba unaoleta intaneti kwa mwanga, unaotoka nguzoni au kwenye boksi la ghorofa na kuingia ndani. Kama unatumia ruta ya laini ya simu, sehemu za taa za faiba na vipimo vya mwanga hazikuhusu, ila nyingine nyingi zitakufaa.

Hatua ya 1: Soma taa kabla ya kushika simu

Tafuta kiboksi kinachoingiwa na waya wenye kichwa cha kijani. Nyumba nyingi kiboksi hicho ndicho hicho kinachotoa waifai, na wote tunakiita ruta. Mbele kina taa zenye maandishi madogo. Tazama mbili: PON na LOS.

LOS ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki kwenye kifaa, au unafika kidogo mno. Waya umekatika, umekunjika, kichwa kimelegea, au kuna shida nguzoni. Kuzima na kuwasha mara ishirini hakutarudisha mwanga. Hakikisha tu kichwa cha kijani kimeingia mpaka mwisho, halafu piga simu.

PON ikiwa inawakawaka bila kutulia, mwanga unafika ila kifaa hakijaelewana na mtambo wa kampuni. Zima, hesabu dakika moja, washa, subiri dakika tano. Isipotulia, ni kazi ya fundi.

Taa zote zikiwa sawa na bado hakuna kinachofunguka, usimwite fundi haraka. Angalia kwanza kama kifurushi kimeisha. Kisha muulize jirani mwenye kampuni ile ile. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilikatika na intaneti ikayumba nchi nyingi za Afrika Mashariki kwa wakati mmoja. Siku kama ile hakuna fundi wa kupanda nguzo anayeweza kukusaidia.

Na tafadhali sana, usibonyeze kile kitundu kidogo cha nyuma kinachohitaji sindano au kijiti. Kubonyeza hapo si sawa na kuzima na kuwasha. Kitundu kile kinafuta mipangilio yote, pamoja na ile ambayo kampuni iliiweka ili kifaa chako kitambulike. Tatizo la waya litabaki pale pale na utakuwa umeongeza la pili.

Hatua ya 2: Andika saa

Hii ndiyo hatua watu wanairuka, na ndiyo ingeniokolea wiki mbili. Kama mtandao unakatika na kurudi, chukua karatasi, ibandike karibu na ruta, uandike kila ukikatika. Yangu, nilipoanza kuandika, ilikuwa hivi:

"Jumatatu. Umekatika saa 2:10 usiku, umerudi saa 12:40 asubuhi. LOS nyekundu. Umeme upo. Hakuna mvua."

"Jumanne. Umekatika saa 2 kasoro, umerudi saa 1 asubuhi. LOS nyekundu. Umeme upo."

Mistari mitatu minne ya namna hiyo inamwambia fundi mengi. Ukikatika mvua inaponyesha, atafikiria maji yaliyoingia kwenye boksi la nguzoni. Ukikatika upepo ukivuma, atatazama tawi la mwembe linalosugua waya. Ukipungua spidi usiku bila taa kubadilika, huenda watu wengi wanatumia kwa pamoja, na hapo waya wako hauna kosa. Piga na picha ya taa kwa simu wakati tatizo lipo, maana fundi akifika mchana taa zinaweza kuwa zimekaa kimya kama hakuna kilichotokea.

Hatua ya 3: Piga simu ukiwa na maneno yaliyokamilika

Ukimwambia mtu wa huduma kwa wateja "mtandao haupo," atakuambia zima na washa, na dakika kumi zitapita hapo. Sema hivi: "Namba yangu ya mteja ni hii. Taa ya LOS inawaka nyekundu tangu saa 2 usiku jana. Nimeshazima na kuwasha. Nimekagua kichwa cha waya. Inatokea usiku tu, kwa siku nne mfululizo. Naomba fundi aje na mita ya kupimia mwanga."

Usikate simu kabla ya kupata namba ya tiketi, jina la fundi au kampuni inayomtuma, na jibu la swali hili: kuna malipo yoyote? Mafundi wengi wanaokuja majumbani wanatoka kwa wakandarasi waliopewa kazi na mtoa huduma, kwa hiyo usishangae fulana yake ikiwa na jina jingine. Ndiyo maana unahitaji jina lake mapema.

Kama tatizo lina saa zake, omba aje saa hizo. Huenda wakakataa kutuma mtu usiku. Omba basi saa 11 jioni, na ombi hilo liandikwe kwenye tiketi.

Hatua ya 4: Iandae nyumba

Fuata waya kwa macho kuanzia unapoingilia mpaka kwenye ruta, usogeze kila kilichouziba: kochi, kabati la televisheni, ndoo. Usiuvute waya wenyewe. Kama umepita juu ya dari, jua kifuniko cha dari kiko wapi. Kama unakaa ghorofani, mtafute mapema mwenye ufunguo wa chumba cha boksi. Fundi akikuta kimefungwa na mlinzi hayupo, ataandika "mteja hakupatikana" na kwenda kwa mwingine. Mpangaji amuulize mwenye nyumba kama kutoboa ukuta kunaruhusiwa, kabla drili haijawashwa.

Mbwa afungwe. Luku iwe na yuniti, maana bila umeme hakuna kifaa kitakachopimwa. Awepo mtu mzima anayelijua tatizo. Kumwachia dada wa kazi aliyekuja juzi, au mtoto aliyerudi shule, ni kumwonea yeye na fundi pia.

Weka mezani karatasi ya saa, namba ya tiketi, spidi unayoilipia, na kompyuta yenye tundu la waya wa mtandao kama unayo.

Hatua ya 5: Anapobisha hodi

Mkaribishe, maji ya kunywa yatolewe. Kutoka nguzo hadi nguzo juani si kazi ndogo. Ila kabla hajaingia ndani omba kitambulisho na ulinganishe na jina ulilopewa. Fundi wa kweli amezoea na hatakasirika. Jina lisipolingana, piga huduma kwa wateja naye akiwa nje, uwatajie namba ya tiketi.

Mweleze tatizo kwa dakika mbili, mpe karatasi yako, kisha mwache apime. Kaa karibu, usikae juu ya bega lake. Hahitaji kuingia ndani ya simu yako, wala namba za siri za pesa, wala ujumbe wa tarakimu unaoingia kwenye simu yako. Anayeomba hivyo mtoe nje.

Hatua ya 6: Omba kuiona namba

Fundi wa tatu alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu. "Shikamoo mama." Nikaitikia marahaba, nikampa karatasi. Aliisoma yote akiwa amesimama, kisha akachomoa kichwa cha kijani kutoka kwenye ruta, akakisafisha kwa kijikalamu chenye uzi ndani kinacholia "tak" kila ukikisukuma, akakichomeka kwenye mita ndogo ya mkononi. Kioo kikaandika -21.3.

"Hii nzuri," akasema, ila hakuifungasha mita. Akaitazama tena karatasi. "Mama, usiku mnabadilisha nini humu ndani?"

Nikamwambia hakuna. Tunakula, tunafunga madirisha kwa ajili ya mbu, tunalala.

Akaenda kwenye dirisha la sebuleni, lile la alumini la kusukuma, akalifunga mpaka mwisho. Mita ikaandika -29.1. Akalifungua: -21.3. Akalifunga: -29.1. Waya wa faiba ulikuwa umepitishwa kwenye reli ya dirisha, na kila usiku tulikuwa tunaubana kwa mikono yetu wenyewe.

Sasa maana ya namba. Mwanga unapimwa kwa dBm na unasomeka kwa hasi, kwa hiyo kadiri unavyokwenda mbali na sifuri ndivyo ulivyo dhaifu: -21 ni bora kuliko -29. Kila ukipungua kwa 3, mwanga umebaki nusu. Kutoka -21.3 hadi -29.1 ni tofauti ya karibu 8, maana yake dirisha likifungwa mwanga uliofika kwangu ulikuwa kama sehemu moja kati ya sita. Vifaa vya majumbani vya aina ya GPON, ambavyo ndivyo vingi huku kwetu, huanza kushindwa mwanga ukishuka kupita -27 au -28. Kati ya -15 na -24 lala usingizi. -25 au -26 inafanya kazi leo, lakini haina akiba: kichwa kikishika vumbi kidogo utarudi gizani. Namba iliyo juu sana nayo haifai, kama -5, kwa sababu mwanga mkali unaweza kukilemea kifaa. Hilo hutokea kwa nadra.

Usiridhike na kipimo cha ndani peke yake. Mwombe apime na kwenye boksi la nguzoni. Kwangu nguzoni ilisoma -19.4, kwa hiyo mtandao wa kampuni ulikuwa mzima na hasara yote ilikuwa kati ya nguzo na ruta. Ingekuwa nguzoni ni -28, ningejua hata wakinibadilishia ruta kumi hawatakuwa wamegusa tatizo, na tiketi ilipaswa kwenda kwa timu ya nje. Vipimo viwili tu, na mabishano yamekwisha.

Ukitazama kazi yake, jua haya. Sehemu inayopitisha mwanga ndani ya faiba ina upana wa maikromita 9, nyembamba kuliko unywele mara kadhaa. Chembe ya vumbi usiyoiona inatosha kuiziba. Fundi anayechomoa kichwa na kukichomeka bila kukisafisha mkumbushe kwa upole. Kichwa cha kijani hakichomekwi kwenye tundu la bluu: cha kijani kimekatwa kwa mshazari wa nyuzi 8, cha bluu kiko sawa, na vikikutana mwanga mwingi unapotea hapo. Akiwa na tochi ya kalamu yenye mwanga mwekundu ataupitisha kwenye waya, na palipovunjika au kukunjika panaweza kuonekana pekundu hata kupitia ganda. Inapendeza kuitazama ikiwa ubavuni. Usichungulie kamwe mwisho wa waya, uwe na mwanga mwekundu au usiwe nao: mwanga wa mtandao wenyewe hauonekani kwa macho, kwa hiyo jicho lako halitajua limechomwa na nini. Watoto nao wawe mbali, na vipande vya kioo alivyokata avikusanye kwenye kichupa. Kimoja kikiingia kwenye kidole cha mtoto anayetambaa ni shida kukiona.

Kama waya lazima uungwe, muulize ataunga kwa mashine ya kuyeyusha au kwa kichwa cha kubana kwa mkono. Cha kubana ni cha haraka na kinafanya kazi, lakini maungio ya mashine hupoteza mwanga kidogo sana na hudumu zaidi. Bora kuliko yote ni waya mzima usio na kiungo, ukiwezekana.

Binti yule aliutoa waya kwenye reli, akatoboa tundu jipya pembeni ya fremu kwa mshazari wa kushuka nje ili maji ya mvua yasiingie ndani, akapitisha kipande cha bomba la plastiki, akazungusha akiba ya waya kwa duara pana kama sahani ya chai. Waya wa faiba haupigiwi kona kali kama waya wa umeme, na haupigiliwi misumari. Mwisho mita ikasoma -20.1, dirisha likiwa limefungwa.

Hatua ya 7: Kama shida ni ya spidi au ya vyumba vya ndani

Mwanga ukiwa mzuri na bado mnalalamika, tenganisha faiba na waifai. Chomeka kompyuta kwa waya moja kwa moja kwenye ruta, pima spidi. Ukipata unachokilipia, faiba haina deni kwako na shida ni waifai ya ndani ya nyumba. Kumbuka pia hesabu: spidi inauzwa kwa megabiti, mafaili yanapimwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Kifurushi cha 20 Mbps kitakushushia takriban megabaiti 2.5 kwa sekunde, wala hujaibiwa.

Kama unalipia zaidi ya 100 Mbps na kwa waya hupati zaidi ya 94 hivi, utazame huo waya wa kutoka ruta hadi kompyuta. Ndani kuna nyaya 8 nyembamba. Ikikatika hata moja inayohitajika, spidi huweza kushuka hadi 100 bila kukuambia.

Waifai kwa kawaida ina mikondo miwili. Wa 2.4 GHz unafika mbali na kupenya ukuta vizuri zaidi, lakini ni wa polepole na majirani wote wamo. Chaneli zisizogongana ni tatu tu, 1, 6 na 11. Wa 5 GHz ni wa kasi ila unachoka haraka kwenye matofali. Mwombe fundi aitoe ruta nyuma ya televisheni na kuiweka juu, mahali pa wazi, katikati ya nyumba. Afanye hivyo yeye akiwa na waya wa kutosha, kwa sababu ukiihamisha mwenyewe kesho utaukunja. Nyumba za zamani za Zanzibar, Lamu na Mji wa Kale Mombasa, zenye kuta nene za mawe ya matumbawe, hazitapona kwa kuhamisha ruta peke yake. Huko omba bei ya kupitisha waya hadi kwenye kisambazaji cha pili chumba cha mbali.

Hatua ya 8: Kabla hajafunga begi

Hapa usione haya. Fundi ana nyumba nyingine inayomsubiri na atakuomba uthibitishe haraka. Mwambie, "Subiri kidogo mwanangu, tumalizane vizuri," kisha mfanye haya pamoja: pigeni picha ya kipimo cha mwisho kwenye mita, pimeni spidi kwa waya, pimeni kwa waifai katika chumba cha mbali. Mwombe akuambie kwa maneno ya kawaida chanzo kilikuwa nini na amebadilisha nini. Jibu la "imekaa sawa" halielezi chanzo. Akibadilisha ruta, andika namba ya kifaa kipya kutoka kwenye stika ya chini, hakikisha imesajiliwa kwa jina lako, ubadilishe neno la siri la waifai na lile la kuingilia kwenye mipangilio yeye akiwa ameshaondoka.

Mwombe pia akuonyeshe ukurasa wa ruta unaoandika nguvu ya mwanga. Kwenye vifaa vingi unafunguka kwa kuandika 192.168.1.1 au 192.168.100.1 kwenye kivinjari, na maneno ya kuingilia yako kwenye stika. Ukishaujua, hutahitaji mita kujua hali yako.

Malipo yakiwepo, yaende kwa namba ya malipo ya kampuni na upate risiti. Hela ya soda ni hiari yako baada ya kazi. Mimi nilimpa binti yule kwa moyo mweupe. Ikidaiwa kabla ya kazi, au kama sharti la kupanda nguzo, toa taarifa kwa kutumia namba ya tiketi.

Hatua ya 9: Siku tatu za mwanzo

Omba tiketi isifungwe mpaka saa za tatizo zipite. Likirudi, piga kwa namba ile ile ya tiketi, usifungue mpya, ili historia ya vipimo ikae pamoja na wasikuanzishe tena na zima-washa. Kampuni isipokusikiliza baada ya malalamiko ya maandishi, Tanzania unapeleka kwa TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano. Kenya ni Mamlaka ya Mawasiliano. Watataka kuona kwamba ulianza kwa mtoa huduma, kwa hiyo karatasi ya saa, picha za taa na namba za tiketi ndizo zitakazokusemea.

Karatasi yangu bado iko ukutani. Kila tarehe 1 ya mwezi nafungua ukurasa wa ruta na kuandika namba moja tu. Mwezi huu ni -20.4. Ikifika -25 nitapiga simu, hata kama taa zote ni za kijani.